Nilimpangusa Jasho Yule Mwingereza

Jumapili, Oktoba 2015. Kenmore, pembeni ya Buffalo, Marekani. Upepo wa ziwani, mawingu yako chini, moyo nusu nusu.

Sasa hivi Riziki amevuta kitenge changu kutoka kwenye kiti, akakiburuta mpaka kwenye televisheni, akapanda juu ya boksi la nepi na kumpangusa uso mtangazaji wa hali ya hewa. Amempangusa vizuri kabisa: paji la uso, mashavu, kisha shingo. Halafu amenigeukia na kuniambia, kwa kile Kiingereza chake cha katuni, kwamba huyu baba anasikia joto.

Nimecheka peke yangu hapa sebuleni. Kisha nimekaa chini nikalia kidogo, kwa sababu mtoto amejifunza jambo hilo kwangu mimi, jana, mbele za watu.

Bon. Lazima niandike. Nikiandika ndipo ninajua ninachofikiri, na leo kabla ya jioni nahitaji kujua. Yaya Furaha, dada yangu mkubwa, yuko Louisville anangoja jibu langu. Nikisema ndiyo, mume wake ataondoka kesho alfajiri na gari la kanisa, aje anichukue mimi na Riziki na mizigo yetu, turudi kukaa kwao. Nikisema hapana, atalala usingizi wake. Baba Riziki atabaki hapa na kazi yake ya kiwandani, Tonawanda, atufuate siku akipata kazi kule.

Siku akipata. Maneno hayo ni yangu. Yeye amesema tu kwamba uamuzi ni wangu na hatakasirika.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaamua kwenda. Nguo za Riziki nilianza kuzikunja tangu Alhamisi.

Sijui nani anasoma ukurasa huu wa mtandaoni. Mwalimu wetu wa Kiingereza kule Louisville alitufungulia kila mtu wake, akasema andikeni kila siku, hata kwa lugha ya nyumbani. Wenzangu wameacha. Mimi nimeendelea, kwa sababu hapa ndipo mahali ambapo Kiswahili changu hakinijibu kwa Kiingereza.

Kenmore si pabaya. Nyumba zina vibaraza, watu wanakusanya majani yao kwenye mifuko, wanakupungia mkono. Lakini mkono ukishuka, mlango unafungwa. Wakongo wapo Buffalo, donc siwezi kusema hakuna watu. Wanakaa upande wa magharibi wa mji, na sisi tuko huku juu kwa sababu ni karibu na kiwanda na gari letu halitaki safari ndefu. Baba Riziki anatoka mchana, anarudi nimeshalala. Kati ya hapo ni mimi na mtoto. Louisville nilikuwa nashika sauti ya pili kwenye kwaya, watu walikuwa wakisikia ninapokosekana. Hapa tangu tufike sijaimba na mtu.

Nitakiri kitu. Kuna siku nimesalimia friji.

Yule Mwingereza niliyempangusa jana na bendi yake waliingia maishani mwangu kabla ya hapo. Louisville nilikuwa nafanya kazi ghalani, lile ghala la vitu ambavyo watu wanaagiza kwa kompyuta. Mimi nilikuwa upande wa vitu vilivyorudishwa. Kilichovunjika kilikwenda kwenye pipa la bluu, na msimamizi wetu, mama mmoja mnene mwenye huruma, alituruhusu kuchagua humo kabla pipa halijamwagwa. Wengine walichukua vikombe vyenye ufa. Mimi nilichukua CD yenye kasha lililopasuka, kwa sababu kwenye picha kulikuwa na mwanamke ameketi juu ya ukuta wa mawe anamtazama bata bukini, kama vile anangoja huyo bata aanze kuongea.

Niliiweka kwenye gari. Nilikaa kwenye maegesho mpaka Baba Riziki akaja kuuliza kama ninaumwa.

Sijui kueleza muziki. Ni vijana. Wana gitaa na kinanda cha umeme kama vijana wote, na mdundo unaweza kuucheza. Lakini chini kuna kinanda kingine, kile cha kuvuta kwa mikono, kinanguruma sauti moja tu bila kupumzika, na juu mwanamke anaimba bila kuremba, sauti kavu, kama mtu ambaye mikono yake ina kazi nyingine. Anaita, wenzake wanajibu. Anaita, wanajibu. Mimi nimekulia Kigoma, kambini kwa wakimbizi wa Kongo, na hiyo ndiyo sauti niliyoamka nayo: mama yangu na majirani wanamenya mihogo, mmoja anaita, wengine wanajibu, "Sema, mama, tunasikia." Kiingereza cha zile nyimbo sikukielewa, hata leo sikielewi chote. Basi pale wanapojibu wao, mimi nikaweka majibu yetu.

Yaya Furaha alinicheka sana. Alisema Mungu amenipa nyimbo zote za Sayuni halafu mimi nakaa kusikiliza wazungu wanaolilia ng'ombe wao. Mpaka leo akipiga simu anauliza, "Na bale batu ya ng'ombe, bako salama?"

Tulipoondoka Louisville kufuata kazi tulikaa kwanza Columbus, kwa binamu ya Baba Riziki. Mlango wa pili alikuwa Wambui, msichana Mkenya anayesoma chuo. Aliisikia ile CD kupitia ukutani, akaja kugonga. Nilifikiri amekuja kulalamika. Akatafuta kwenye simu yake, akanitazama kama nimemletea nyoka.

"Aki Mama Riziki, hawa uliwatoa wapi? Hata huko England hakuna mtu anawajua. Ni ka-bendi kadogo tu. Na hizi nyimbo si zao, ni za mashosho wao, wamezichukua wakaziwekea kinanda."

Shosho kwao ni bibi. Nilifurahi mpaka nikampa sahani ya sombe, kisamvu chetu. Kumbe kuna vijana wengine wanaotembea na nyimbo za bibi zao mbali na nyumbani, na hawajulikani, na wanaendelea tu.

Huyo Wambui ndiye aliyeniandikia mwezi uliopita kwamba wanakuja. Wataimba Louisville, halafu Columbus, halafu Buffalo. Niliisoma mara mbili. Ni njia yetu ileile, miji yetu ileile, kwa mpangilio uleule. Na huku Buffalo si mjini. Ni hapa Kenmore, kwenye ukumbi wa kanisa, Jumamosi mchana, kuingia bure. Natembea kwa miguu kufika.

Nilijipamba. Nilivaa kitenge changu cha harusi ya yaya, kingine begani, koti juu, Riziki mgongoni.

Nilitegemea umati. Walikuwa watu wachache, wazee wengi, wameweka mikono kwenye magoti kama watu wanaongoja kuitwa na daktari. Hakuna aliyetikisa hata kichwa. Nikadhani hawapendi. Kumbe njo kupenda kwao.

Yule mwimbaji alitoka. Ndiye yule wa kwenye picha, bila bata. Mrefu, nywele fupi, sweta nzito ya sufu, macho ya mtu aliyelala kwenye gari. Ukumbi ulikuwa umewashwa joto kama ni Januari, na taa zinampiga usoni. Kwenye wimbo wa tatu au wa nne jasho lilianza kumshuka. Halafu kile kinanda cha kuvuta kikanguruma, na nikajua unakuja ule wimbo wangu, ule wa kwenye maegesho.

Nieleze hapa, labda anasoma mtu asiyejua. Kwetu, mwimbaji anayeongoza akiingia ndani ya wimbo mpaka jasho linamtoka, haachwi hivyo. Mama mmoja anasimama, anapiga vigelegele, anamfuata akicheza taratibu na kumpangusa uso kwa kitenge chake. Ni heshima, na mwenyewe anaendelea kuimba huku anapanguswa, wala hafungui macho. Akitoka jasho mpaka wimbo ukaisha na hakuna aliyemfuata, watu wakitoka nje watasema: huyu hana ndugu hapa?

Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Wote wamekaa. Jasho limefika kwenye kidevu chake. Aliita, na miguu yangu ikasimama yenyewe.

Nilipiga vigelegele.

Nilitembea katikati ya viti kwa mwendo wa kwaya, hatua, simama, hatua, simama, Riziki anatikisika mgongoni, nikafika mbele, nikafungua kitenge changu cha begani na kumpangusa. Paji la uso. Mashavu. Shingo.

Akaacha kuimba.

Kinanda kikaendelea kidogo peke yake, kisha nacho kikafa. Alikuwa ameruka nyuma, mkono kifuani. Mzee mmoja wa mstari wa mbele aliinuka nusu, kama anayejiuliza kama anitoe au akae. Mkono wangu ulikuwa bado hewani na kitenge. Nilisema samahani, samahani, kwa Kiingereza, hilo neno ninalijua sana. Yeye akasema kitu kwenye maiki na wote wakacheka. Si kicheko kibaya. Lakini sikuelewa walichokicheka, na hicho ndicho kilichonichoma. Kicheko unachokielewa unaweza kukicheka pamoja nao.

Nilitoka mpaka kwenye korido ambako makoti yanatundikwa. Nilisimama katikati ya makoti ya watu, uso ndani ya sufu ya mtu nisiyemjua. Nilisema moyoni: nakwenda. Shemeji aje hata leo. Narudi mahali ambapo nikisimama watu wanajua kwa nini nimesimama.

Sikuondoka kwa sababu Riziki alikuwa amelala mgongoni na vifungo vya koti vilinishinda. Nikasikia wimbo unaanza upya kule ndani, unaisha, wanapiga makofi. Kisha mlango ukafunguka, akatoka yeye. Ilikuwa mapumziko yao.

Aliniuliza kwa nini. Aliuliza pole pole, bila hasira. Nilitafuta Kiingereza changu chote na nikakipata hiki: "Unatoka jasho. Unaimba vizuri. Hakuna mtu anakuja. Kwetu, mtu anakuja."

Akafunika macho kwa kiganja.

"Tangu nitoke nyumbani," akasema, "hakuna mtu aliyenigusa uso."

Akaniomba radhi kwa ule utani. Alikuwa amewaambia watu kwamba ukumbi huu una huduma nzuri kuliko kote walikopita. Alisema aliogopa, ndiyo maana alitania. Halafu akasema aliona midomo yangu inaimba, naimba nini pale?

Sikuwa na maneno ya kueleza mihogo, wala mama, wala kambi. Nikamwambia, "Wewe ita."

Aliita, sauti ya chini, katikati ya makoti. Nikajibu: sema, mama, tunasikia. Akatabasamu, akaita tena. Nikajibu. Sauti ya pili ilitoka kama maji ya bomba lililofungwa siku nyingi, kwanza kutu, kisha safi. Tuliimba mpaka mwisho, watu wawili na mtoto aliyelala. Halafu mwenzake akafungua mlango na kumwita, akanikumbatia na ile sweta yake iliyolowa, akaenda.

Nitakuwa mkweli. Hatanikumbuka. Nilimtajia jina langu akalirudia vibaya, na leo yuko mji mwingine anaitwa na watu wengine. Nilirudi nyumbani kwa miguu na upepo usoni, na nilipofungua mlango nyumba ilikuwa kimya ileile. Sikumpata rafiki jana.

Na asubuhi hii, tukinywa chai, nilimsimulia Baba Riziki. Nilitaka anionee huruma. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Weye," akasema, "ulienda kupangusa muzungu mbele ya bazungu benzake? Na habakuita polisi?"

Nikamwambia acha, niliona aibu ya kufa. Akaendelea kucheka, akapaka siagi kwenye mkate, akasema huyo Mwingereza ana bahati, kuimba kidogo tu tayari kapata mama wa kumpangusa.

"Ya kwangu inakaukaka mu gari," akasema.

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza njia anayopita kila siku. Akamaliza chai, akarudi kulala, maana mwili wake umechoka.

Mimi nikabaki na kikombe.

Inakaukaka mu gari. Namwona. Anatoka kiwandani, watu wote wanakwenda kwenye magari yao, anakaa kwenye lile letu lisiloaminika na kungoja kioo kiache ukungu, na jasho la kazi linamkauka shingoni, na anaendesha kuja kwenye nyumba ambayo watu wake wamelala. Nami nimekuwa nikihesabu upweke kama vile tumegawiwa mmoja tu na umeniangukia mimi. Miezi yote hii nimekaa nangoja mtu anyanyuke kwenye kiti chake anifuate. Sikufikiri hata mara moja kuna nani mwingine anaimba peke yake humu ndani.

Nikienda Louisville, nitakuwa na kwaya, nitakuwa na yaya, Riziki atacheza na watoto wa kanisani wanaoongea Kiswahili cha kila rangi. Yeye atakuwa na gari.

Siendi.

Nimeliandika neno hilo na nimeliangalia. Bado lipo.

Naogopa, sitadanganya. Watu wanasema theluji ya huku inafika madirishani. Sina sababu ya kuamini kwamba wiki ijayo itakuwa tofauti na iliyopita, isipokuwa kwamba jana niliinuka. Nilikosea mahali, nilikosea watu, nikachekwa, na sikufa. Basi naweza kuinuka tena. Jumapili ijayo nitapanda basi, nibadilishe la pili, nifike huko upande wa magharibi. Nimesikia kuna Wakongo wanaosali mchana kwenye kanisa la kuazima. Nitasimama mlangoni na kuwaambia nashika sauti ya pili. Wakiwa na watu wa kutosha nitakaa nyuma na kujibu tu.

Na usiku wa kazi sitalala mapema tena. Nitalala na Riziki mchana, niwe macho anaporudi. Hata nusu saa. Hata tukinyamaza wote wawili.

Je, kama nimekosea? Kama ikifika Februari nimesimama dirishani nikijilaumu? Yaya ataumia, hilo najua. Ameshapanga kitanda. Ameniambia amenunua pazia jipya la chumba chetu, la maua, na mimi namjua yaya, hanunui pazia kwa mtu ambaye hamlilii usiku. Nitamwambiaje bila yeye kuona kwamba nimechagua mtu mwingine? Labda nisimweleze mambo ya jasho, atacheka na ng'ombe wake. Labda nimwambie tu kwamba nilisikia vizuri kuitwa naye, na kwamba

Ngoja. Baba Riziki ameamka. Anaita kutoka jikoni, simu iko mkononi mwake, anasema, "Mama Riziki, yaya wako njo huyu, anauliza shemeji atoke ao asitoke." Namjibu nakuja. Riziki ameshakimbia mbele yangu. Naandika haraka hili ninalokwenda kusema, nisije nikafika pale nikasikia sauti yake nikageuka: yaya, usikasirike, pazia liache hapohapo, tutakuja kulala chini yake Krismasi, lakini mwambie shemeji apumzike, sisi huku